Viboksi vya Mwalimu wa Kwaya

Leo wamempigia tena ule wimbo.

Mwenyekiti wa kwaya alikuja baada ya misa na kundi la akina mama, wakajaa kwenye chumba cha mbele, ambako Mwalimu wa Kwaya analala siku hizi kwa sababu hawezi kufika chumbani kwake bila kubebwa. Wakasali. Kisha Mwenyekiti akatoa simu, akaiweka juu ya mto karibu kabisa na sikio la mgonjwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi, "Mwalimu, wimbo wako huo. Kwaya ya Kibaigwa wameuimba, sasa hivi uko kwenye simu za watu wote. Sikiliza, baba."

Mwalimu akaanza kutikisa kichwa. Mkono wa kushoto, ndio pekee unaomtii, ukapapasa shuka ukiitafuta ile simu. Machozi yakamtoka. Mama mmoja naye akajifuta macho kwa kitenge.

"Unamgusa, jamani. Unamgusa sana."

Haumgusi. Unamtesa. Na mimi nilisema, "Izimeni." Nilisema kabisa, nikiwa nimesimama karibu na meza na bakuli la uji, lakini nilisema kwa sauti yangu, na sauti yangu kila mtu anaijua, haifiki hata upande wa pili wa meza. Shangazi peke yake ndiye aliyegeuka, akadhani naomba kupita. Shangazi ni mdogo wake Mwalimu, amehamia hapa kumuuguza, na mtaa mzima tunamwita hivyo.

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Kuna wimbo mmoja uko ndani ya mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kuandikia. Na kuna wimbo mwingine, uliokosewa, unatembea kwenye simu za watu kwa jina lake. Akiondoka kabla haujasahihishwa, huo uliokosewa ndio utakaobaki. Tena ndio watakaomwimbia siku ya kumzika, nina uhakika. Mwenyekiti ameshaanza kusema "siku ile ikifika" anapofikiri Shangazi hasikii.

Mimi nilikuwa darasa la tatu nilipoanza kumwogopa Mwalimu wa Kwaya. Sasa niko kidato cha tatu na bado namwogopa, hata akiwa amelala. Alivaa sweta la kijivu mwaka mzima, hata mwezi ule jua la hapa Msalato linapochoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha simtanki, lile tangi la maji la kanisa. Penseli ilikaa nyuma ya sikio. Shingoni alining'iniza fleshi tatu za kompyuta kwenye kamba ya kiatu, na watoto wa mtaani walidhani ni hirizi.

Masikio yake yalikuwa ugonjwa. Geti la kanisa aligundua kwamba ukiligonga kwa funguo linatoa noti ya la, basi miaka yote hiyo tulianza mazoezi kwa Mwalimu kutoka nje, ngo, halafu kuingia akiwa ameishika ile sauti puani kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Malori ya ujenzi wa uwanja wa ndege yanaporudi nyuma yanalia, unajua ule mlio. Alisimamisha mazoezi siku moja, akanyoosha kidole dirishani. "Mnasikia? So. Bovu kidogo, lakini so. Lori linajua kuliko nyie."

Hakusifu mtu. Hakuwa hata na neno la kusifia. Ukikosea, alipiga benchi kwa kiganja mara mbili, pa-pa, maana yake rudia. Ukipatia, hakupiga. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yako, ukimya.

Mimi aliniita Kimya. "Wewe Kimya, kaa karibu na dirisha, labda upepo utakusaidia kuitoa hiyo sauti." Wenzangu walicheka. Lakini hakuniondoa. Mwenyekiti alishauri niondolewe, nilisikia kwa masikio yangu, kwamba nachukua nafasi na sare. Mwalimu alimjibu, "Huyu hakosei. Hasikiki, lakini hakosei. Wewe unasikika." Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima.

Halafu kulikuwa na ule utaratibu wake ambao kwaya nyingine walituchekea. Kila sauti ilijifunza peke yake. Sauti ya kwanza kanisani, sisi wa pili kwenye stoo ya viti, wa tatu nyuma ya nyumba ya katekista, wa nne kule kwenye tangi. Na ole wako akukute unavizia sauti isiyo yako.

"Wa pili akiijua ya kwanza, ataikimbilia," alisema. "Kila mtu ashike ya kwake. Siku ya kukutana mtashangaa."

Na kweli tulishangaa kila mara. Siku ya mwisho tu ndipo tulipounganishwa, na ghafla kile kipande changu kisicho na maana, noti mbili tatu zinazokwenda na kurudi, kinakuwa sakafu ya nyumba nzima. Nilikuwa nasikia sauti ya kwanza wakipita juu yangu kama mtu anapanda ngazi na mimi niko chini ya ngazi. Sikuwahi kuwaambia watu kwamba hiyo ndiyo furaha yangu kubwa kuliko zote.

Ndiyo maana sasa hakuna hata mmoja wetu anayeujua wimbo mzima.

Watu wanapenda kusema Mwalimu alikuwa mtu wa kanuni. Sijui. Alituambia wimbo ukishatoka si wa mtu, ni wa waimbaji, lakini alisafiri mpaka Mpwapwa kwenda kubishana na kwaya iliyobadilisha noti moja. Alizuia simu kwenye mazoezi, ila ya kwake ikiita alitoka nje kuipokea akitembea kwa vidole vya miguu. Alijiona mtu wa kisasa, akaandika nyimbo zake zote kwenye kompyuta, na karatasi zake za kwanza, zile za penseli, alizitumia kuwashia jiko la mkaa. "Karatasi inaliwa na mchwa," alisema. "Kompyuta mchwa hawaiwezi."

Kompyuta yenyewe aliachiwa na padri mmoja mgeni aliyerudi kwao. Ilikuwa ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya jino, na haikufanana na kompyuta nyingine yoyote hapa mtaani. Mfumo wake ulikuwa mwingine, programu zake nyingine. Ndani ya ile kompyuta nyimbo zilikaa vizuri kabisa. Shida ilikuwa kuzitoa.

Niseme kuhusu nota zetu, asiyeimba aelewe. Sisi tunasoma herufi: d ni do, r ni re, hivyo hivyo mpaka juu. Herufi ikiwa na alama ndogo begani, panda, iimbe kule juu. Ikiwa na alama ndogo miguuni, shuka, iimbe kule chini. Ni alama ndogo tu, kama chawa. Lakini bila hizo hujui kama unapanda mlima au unaingia shimoni.

Mwalimu akihamisha wimbo kwenye fleshi na kuupeleka stationari ukachapwe, herufi zinatoka, alama hazitoki. Mahali pa kila alama, ya begani na ya miguuni, panakaa kiboksi. Kimoja kile kile, mraba mtupu. Na kwenye maneno, penye ng'ambo palitoka ngâ€™ambo, mpaka mzee mmoja wa sauti ya nne akauliza, "Mwalimu, hapa kwenye alama ya pesa za wazungu tunaimbaje?" Tulicheka mpaka tukapigiwa benchi.

Nilifuatana naye stationari siku alipoupeleka ule wimbo, kwa sababu nilikuwa na kazi yangu ya shule ya kuchapa. Dada wa pale alikuwa mpole, alijaribu kila kitu.

"Mwalimu, fonti yako haipo huku."

"Fonti ni nini? Wimbo upo. Jana usiku nimeuona."

"Umeuona kwako. Kompyuta yako inaijua hiyo alama, hii yangu haiijui, kwa hiyo inakuwekea boksi. Itoe kwa PDF, uifungie fonti humo humo ndani."

Alirudi na PDF. Viboksi. Akarudi na nyingine aliyoitoa kwa njia nyingine. Viboksi, na safari hii mistari ilikuwa imepandiana. Alikuwa ameshajaribu kuchapa nyumbani, printa aliyoazima ikagoma kuongea na ile kompyuta ya mgeni. Akaondoka pale stationari na fleshi zake zikigongana kifuani, na mimi nikamfuata nyuma, nikakusanya ujasiri wote nilionao, nikasema, "Mwalimu, si upige picha kioo? Kwa simu. Kila ukurasa."

Alisimama. Nilidhani hakusikia. Alisikia.

"Kimya," alisema, "wimbo haupigwi picha kama gari lililopata ajali. Utatoka kwa miguu yake."

Ningekuwa mtu mwingine ningebishana. Picha chache tu. Naziona hizo picha kila nikifumba macho, zile ambazo hazikupigwa.

Huo wimbo ulikuwa wa mke wake.

Mama Mwalimu alikuwa mtu wa kucheka, na miaka yote waligombana kuhusu kitu kimoja tu, mlango. Yeye aliamka alfajiri akaufungua wazi, hewa iingie. Mwalimu aliamka baadaye akaufunga. "Vumbi, mama! Vumbi linaingia kwenye mashine!" Ukipita pale asubuhi unausikia mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa. Siku moja alfajiri alikwenda kwao Kibakwe kumwangalia mama yake, na kama kawaida akauacha mlango wazi. Mwalimu aliamka akaubamiza kwa hasira. Mama Mwalimu aliugua ghafla kule kule milimani na hakurudi. Mwalimu mwenyewe alitusimulia hayo, amesimama mbele yetu, kabla ya kutugawia nota, ambazo safari hiyo aliziandika ubaoni kwa mkono, sauti moja baada ya nyingine, akifuta kila baada ya kundi. Hatukunakili. Hakuturuhusu, alitaka ziingie kichwani.

Maneno yalikuwa haya: Umeondoka alfajiri, mlango umeuacha wazi. Utungoje ng'ambo ya vilima.

Tuliuimba mara moja, Kibakwe, kaburini, kwenye baridi na ukungu, kila mtu akilia. Pale kwenye neno "wazi" sisi wa pili tunashika noti moja tu, hatusogei. Na sauti ya kwanza wakapanda. Walipanda mpaka nikahisi kuna kitu kinafunguka juu ya kichwa changu. Nilimwangalia Mwalimu. Alikuwa ameangalia juu, mdomo wazi, hakuwa anaongoza tena.

Tangu siku hiyo mlango wa nyumba yake haujafungwa mchana. Vumbi limejaa kila mahali, kwenye meza, kwenye kompyuta, sasa hivi kwenye shuka la mgonjwa. Shangazi anafagia mara kwa mara lakini hathubutu kuufunga.

Kwaya ya Kibaigwa waliuomba wimbo huo, na Mwalimu akawatumia ile PDF kwa simu, yenye viboksi, akiandika chini kwamba nakala safi inakuja. Akanitumia na mimi, nimsaidie kuona kama kwenye simu yangu inasomeka. Haikusomeka. Lakini katibu wa kwaya ya Kibaigwa ni mtu nadhifu. Alidhani viboksi ni uchafu wa mashine, akavifuta kimoja kimoja, akaandika upya ukurasa mweupe, umepangika, unapendeza. Herufi bila alama hata moja. Wakajifunza hivyo. Wakaimba hivyo kwenye siku ya kwaya za parokia, wamevaa sare mpya, na waliimba vizuri, hilo nalisema. Walipofika "mlango umeuacha wazi", pale pa kupanda, wakashuka. Wote kwa pamoja, taratibu, wakashuka mpaka chini.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake. Nilimwona mgongo wake unavyojikunja ndani ya lile sweta. Hakupiga benchi. Alinong'ona tu, "Wanaufunga. Wanaufunga mlango."

Watu walipiga makofi sana. Walirekodi. Wakaanza kutumiana.

Alirudi nyumbani akijua safari hii lazima atoe nakala safi kwa vyovyote vile, na nafikiri hata picha angekubali. Alikuwa bado anahangaika nayo siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Kompyuta ilizimika na harufu ya kuungua. Fundi wa mjini aliifungua, akatoa diski, akamwonyesha ilivyoungua. Kwenye fleshi zilibaki zile zile za viboksi. Haukupita muda mrefu Shangazi akapigiwa simu kwamba kaka yake ameanguka uani.

Nimewauliza wa sauti ya kwanza, mmoja mmoja, kwa ujumbe, maana kwa mdomo siwezi. Wameusikia ule wa Kibaigwa mara nyingi mno, umefunika ule waliouimba wenyewe. Kiongozi wao alinijibu, "Lakini si ndivyo ulivyo? Unashuka pale. Unasikitisha vizuri."

Hapo ndipo tulipo. Basi mchana huu, baada ya Mwenyekiti na wale akina mama kuondoka, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Shangazi alikuwa jikoni. Nikafungua kwenye simu ile nakala niliyotumiwa zamani, ambayo haikusafishwa na mtu.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Ninayo ile yenye viboksi."

Alifungua macho.

"Kila penye kiboksi palikuwa na alama. Sijui ya juu au ya chini. Wewe unajua." Nikaishiwa pumzi kana kwamba nimekimbia. "Nitaimba herufi ya sauti ya kwanza. Tukifika kwenye kiboksi, kama ni juu, nyanyua mkono. Kama ni chini, ulaze."

Akanitazama. Kisha akaupeleka mkono wa kushoto katikati, juu ya kifua, kama mtu anayesubiri kuanza kuongoza.

Kiboksi cha kwanza, akaulaza. Nikaandika alama miguuni kwa penseli, kwenye karatasi ya daftari langu la hesabu. Cha pili, akaulaza. Kumbe wimbo unaanzia chini hivyo, gizani. Hatukuwahi kujua, sisi wa stoo ya viti. Cha tatu alichelewa, jasho likamtoka, nikadhani amesahau. Akaulaza. Mstari mmoja ulichukua muda kama kipindi kizima cha shule, na sauti ziko nne, na beti zipo nyingine, na pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Nilihesabu viboksi vilivyobaki kwa macho nikaacha.

Tukafika kwenye "wazi".

Mkono ukanyanyuka. Ukapita kifua, ukapita uso, kiwiko kikaachana na godoro. Nikaimba, kwa sauti yangu ile.

Mkono ukashuka godoroni. Pa-pa.

Nikarudia. Pa-pa. Nikarudia tena, na sauti ikakatika katikati kama kitambaa, na nilisikia aibu mpaka masikioni. Pa-pa. Safari hii nilifumba macho, nikaifuata ile noti mahali ilipokuwa siku ile ya ukungu, na nikasikia Shangazi ameacha kugonga mwiko kwenye sufuria. Nilipofumbua, mkono wa Mwalimu ulikuwa umerudi juu. Haukupiga.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ndio huo," alisema. "Mungu wangu, ndio huo wa kule Kibakwe."

Nilikuwa naandika ile alama begani kivuli kilipoingia mlangoni. Mwenyekiti alikuwa amesahau miwani. Aliona mkono uko juu, akatabasamu, akajipapasa mfukoni.

"Ameamka! Ngoja nimwekee, ngoja."

"Izime," nilisema.

Hakusikia. Simu ilishaanza kuimba, Kibaigwa, umeondoka alfajiri.

"Izime, baba. Wimbo hauko hivyo."

Akageuka. Nafikiri hakuwahi kuisikia sauti yangu. Alinitazama, akamtazama Shangazi, akabonyeza simu ikanyamaza.

"Hauko hivyo? Sasa ukoje, mwanangu?"

Nilikuwa na mstari mmoja tu. Mstari mmoja wa sauti moja, na penseli, na mtu mzima ananisubiri mlangoni, na nyuma yake barabara yote inasikia. Nikaangalia chini.

Kwenye godoro, kiganja kikapiga mara mbili.